Duka la Jedwali

"Rudia hapo," Fundi alisema akiwa chini ya gari, miguu yake tu ndiyo inayoonekana.

Sindano alirudisha kidole mwanzo wa mstari. Hakuwa mtu wa kusoma haraka. Aliishia darasa la tano, na tangu siku hiyo alichokuwa akisoma ni majina ya wateja kwenye vipande vya ngozi alivyoshonea viti vya magari, na maandishi ya makopo ya gundi. Lakini katika nyumba ile yeye ndiye aliyekuwa msomi. Mumewe, Fundi, hakuijua hata a, na jambo hilo alilificha kwa grisi. Kila akiletewa karatasi huinua mikono na kusema, "Nisomee basi, hali ya mikono si unaiona." Shemeji yake, dereva wa gari la mikate waliyembandika jina la Breki kwa kuwa hakuwa na habari nazo, alisoma vibao vya barabarani tu, tena akipata nafasi.

"Kifungu cha tisa," Sindano alisoma. "Shokomzoba ziwe zile zilizokuja na gari kutoka kiwandani. Endapo zitabadilishwa, mshiriki atatumia zile tu zilizomo katika Jedwali, na si nyingine zozote."

"Zilizomo katika nani?"

"Jedwali."

"Jedwali ndiyo nini?"

Sindano alilitazama lile neno. Lilikuwa na herufi kubwa mbele, na somo moja aliloondoka nalo shuleni bila kupungua hata chembe ni hilo la herufi kubwa. Huwekwa mwanzo wa sentensi, au kwenye jina la mtu, au kwenye jina la mahali. Hapa hapakuwa mwanzo wa sentensi. Basi ni mtu au mahali, na ndani ya mtu hakukai shokomzoba.

"Ni duka," alisema.

"Una hakika?"

"Imeandikwa."

Miguu ya Fundi ilitulia. Kwake yeye kitu kikishaandikwa kimekwisha. "Haya," alisema. "Hizi zetu zimeshachoka. Kesho tukamtafute huyo Jedwali."

Mwaka ule chama cha mbio za magari kilikuwa kimeanzisha daraja jipya, la magari ya kawaida yenye injini ndogo na spea za bei nafuu, ili na watu wa gereji za uchochoroni waingie. Mtaani walishaliita Daraja la Makapuku. Fundi alikuwa ameandikisha gari lao, Breki awe dereva. Zawadi yake haikuwa kikombe. Gereji ya gari litakaloshika nafasi ya kwanza ingepewa magari matano ya chama kuyatunza mwaka mzima. Fundi, ambaye wiki nyingine alikuwa akishinda anafagia gereji isiyo na gari hata moja, alikuwa akiyataja magari hayo matano kama mtu anayetaja watoto wake walio safarini.

Kitabu cha kanuni alikwenda kukichukua Sindano mwenyewe. Karani wa chama, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikihesabu mbele yake karatasi moja moja, taratibu, na midomo yake ikitamka kila namba ili naye apate kwenda sambamba. "Ngapi, mwanangu?" "Kumi na mbili." "Kumi na mbili. Na mkikwama neno, njoo uniulize. Nipo hapa kila siku mpaka saa tisa." Sindano aliitika, akatoka. Kuuliza neno ofisini, mbele ya watu waliovaa viatu vya kung'arishwa, lilikuwa jambo asiloweza hata kulifikiria bila masikio kumchemka.

Karatasi ya mwisho haikuwa na sentensi. Ilikuwa na mistari tu, ya kulala na ya kusimama, na vijisanduku vyenye maneno mafupi na tarakimu. Aliona ni mahali pa kujaza wenyewe wa ofisini, wala hakuisoma. Na kwa kuwa mistari ilikuwa imenyooka vizuri, na siku hiyo alikuwa anataka kushona kifuniko cha mkono wa gia, aliichomoa kwenye pini kwa uangalifu, akaikunja mara mbili, akaikata iwe kipimo cha kufuatisha kwenye ngozi. Kifuniko kilitoka kizuri sana. Fundi alikivalisha kwenye gia na kukisifia mpaka Sindano akaona haya.

 

Mtaa wa spea ulikuwa na maduka pande zote mbili, milangoni kumening'inia mikanda ya feni na vioo vya pembeni. Fundi alitangulia, Sindano nyuma yake amekibana kitabu kwapani.

"Jedwali?" alisema muuzaji wa kwanza. "Hapa hakuna Jedwali. Kuna Jabali, anauza betri."

"Jedwali alihama," alisema wa pili.

"Alihamia wapi?"

"Sijui. Hata alipokuwapo mimi sikumwona." Watu waliokaa kwenye benchi lake wakacheka, na Fundi akacheka nao kidogo ili asionekane mgeni.

Wa nne alikuwa mtu mfupi mwenye penseli sikioni. "Nani kawatuma kwa Jedwali?"

"Chama cha mbio za magari. Kitabu chao kinasema shokomzoba za kwa Jedwali tu, na si nyingine zozote."

Yule mtu alimtazama Fundi, akamtazama Sindano, akakitazama kitabu kwapani. Aliitoa penseli sikioni, akairudisha.

"Basi mmefika," alisema. "Jedwali ndiye mimi."

Sindano alikishusha kitabu kutoka kwapani. Kumbe alisoma sawa.

"Mbona kwenye kibao hakuna jina?" aliuliza Fundi.

"Wanaonijua hawahitaji kibao, fundi wangu."

Alizitoa stoo mwenyewe, zikiwa ndani ya nailoni. Zilikuwa nyekundu, nene, kila moja na kichupa chake cha gesi ubavuni. Fundi alizipokea kwa mikono miwili. Maisha yake yote alikuwa amefunga shokomzoba zilizokwisha kazi kwenye magari ya wengine, akaziziba kwa mpira wa tairi. Kisha akauliza bei, akatajiwa laki mbili na nusu kila moja.

"Zote nne milioni?" alisema. "Hili si ndilo daraja la makapuku?"

"Wenzenu wote wamechukua hapa. Mkitaka za rahisi zipo, lakini hizo si za Jedwali."

Walipofika nyumbani, Sindano alikaa mbele ya cherehani yake, ile nzito ya kushonea ngozi, chombo pekee ndani ya nyumba ambacho mtu angekitolea milioni. Aliipitishia kitambaa mara mbili, ingawa haikuwa na vumbi.

"Iuze," alisema.

"Hapana."

"Magari matano mwaka mzima yatanunua mbili kama hii. Iuze."

Fundi alikwenda kutafuta mnunuzi. Cherehani iliondoka kwenye toroli kesho yake, ikaacha mraba msafi sakafuni. Waliporudi kununua, Sindano, kwa kuwa yeye ndiye msomi, alimwambia muuzaji aandike risiti, tena kwa jina lake. "Niandike jina gani lingine?" alisema yule mtu, na kwa penseli yake akaandika chini, herufi kubwa na za mviringo: Jedwali.

Viti vya gari alivimalizia kwa mkono. Siku ya ukaguzi ilipofika kidole gumba chake kilikuwa kimetobolewa kama kichujio.

 

Ukaguzi ulifanyika Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa maonyesho, magari yamepangwa kwa madaraja. Mbele walikaa wenye magari makubwa, na mahema yao, na vijana wenye fulana za rangi moja. Makapuku walipangwa nyuma, karibu na vyoo. Fundi alikuwa amevaa ovaroli iliyopigwa pasi, na mikono ameisugua kwa sabuni ya unga mpaka ikawa na rangi ambayo mkewe hakuwahi kuiona.

Mkaguzi mkuu alikuwa mama wa makamo mwenye kioo kilichofungwa kwenye mpini mrefu. Alikipitisha chini ya gari, akasimama. Alikipitisha tena upande wa pili.

"Hizi zimetoka wapi?"

"Kwa Jedwali," Fundi alisema, na kifua kilikuwa mbele.

"Kwa nani?"

"Kwa Jedwali, mama. Kama kitabu chenu kilivyosema. Risiti ipo." Aliichomoa mfukoni na kuikunjua. "Ameandika mwenyewe."

Mkaguzi aliisoma ile risiti. Msaidizi wake aliisoma juu ya bega lake, akageuka upande wa pili na mabega yakaanza kutikisika. Fundi wa gari la jirani alisogea kuona, kisha akamnong'oneza mwenzake, na neno likatembea kutoka gari hadi gari mpaka likafika kwenye mahema, na kule wakacheka bila kuficha.

Mkaguzi yeye hakucheka. Alikifungua kitabu chake ukurasa wa mwisho na kukigeuza ili Fundi aone.

"Jedwali ni hili," alisema. "Hivi visanduku. Hapa pana jina la kifaa, hapa aina, hapa bei ya juu kabisa. Shokomzoba moja, elfu themanini. Tuliweka hivi ili mtu wa gereji ndogo asishindwe na mwenye pesa. Sasa wewe umenunua za mwenye pesa."

Sindano aliuona ule ukurasa. Mistari ya kulala na ya kusimama. Alijua jinsi karatasi ile ilivyokuwa laini kwenye mkasi.

"Ukurasa huo hatukupewa," alisema Fundi.

"Wamepewa wote."

"Sisi hatukupewa. Kitabu hiki hapa, angalia."

Mkaguzi alikihesabu. Karatasi kumi na moja. Akahesabu tena, kisha akatuma mtu amwite karani.

Mzee alikuja haraka, miwani inacheza kifuani. Alipoelezwa alitikisa kichwa, bila hasira, kama mtu anayesahihisha hesabu. "Nilihesabu mbele ya binti huyu. Mwanangu, si tulihesabu pamoja? Wewe mwenyewe ulisema kumi na mbili."

Watu wote wakamgeukia Sindano. Katika maisha yake hakuwahi kutazamwa na watu wengi kiasi kile kwa mara moja. Fundi alikuwa akimtazama pia, na uso wake ulikuwa umejaa imani, uso wa mtu ambaye hatimaye ana shahidi.

"Sikumbuki," Sindano alisema, akiitazama miguu yake.

Mzee alivua miwani na kuifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena.

"Mzee," alisema mkaguzi kwa sauti ya chini, "hii ni mara ya pili mwaka huu karatasi kupungua ofisini kwako."

"Ile ya kwanza ni kweli. Hii, hapana."

"Sasa nifanyeje? Kama kosa ni letu, siwezi kumtoa mtu. Gari litaondoka kesho kama lilivyo." Alifunga kitabu. "Lakini kosa lazima liwe na mwenyewe. Jumatatu tutaongea, mzee. Uje na funguo za ofisi."

Mzee aliitika, "Sawa, mama," ingawa mama huyo alikuwa na umri wa binti yake.

 

Breki aliendesha gari kurudi gereji akiimba. "Shokomzoba za milioni kwenye daraja la makapuku! Kesho wenzangu watakuwa wanahesabu mashimo, mimi nimelala." Alipowashusha alikwenda kupumzika, kwa sababu, alisema, bingwa hachoshwi.

Kile kipimo cha karatasi kilikuwa kwenye msumari wake, ukutani, juu ya ule mraba msafi wa sakafu. Sindano alikishusha. Tundu la mkono wa gia lilikuwa limelikata neno katikati, likabaki "zoba", na mbele yake tarakimu, themanini elfu, kamili bila kuguswa. Alipekua mfuko wa mabaki mpaka akaupata ule ukanda wa juu alioukata na kuutupa. Nyuma yake alikuwa ameandika namba ya simu ya mteja. Mbele, kwa herufi nene kuliko zote kitabuni, palisomeka JEDWALI.

Fundi alikuwa kwenye kiti cha mlangoni, anakunywa maji.

"Hii ndiyo karatasi," Sindano alisema.

"Ipi?"

"Ya mwisho. Tulipewa. Niliikatia kifuniko cha gia."

Fundi alivipokea vile vipande. Havikumwambia kitu, kama ambavyo hakuna karatasi iliyowahi kumwambia kitu. Aliviunganisha gotini mwake kwa kufuata mistari, kwa jicho la ufundi, mpaka vikakaa.

"Yule mzee alihesabu kweli?"

"Alihesabu."

Fundi alicheka kidogo, kicheko cha puani. "Nimeuza cherehani yako kwa ajili ya vijisanduku."

"Mimi ndiye niliyesema ni duka."

"Na mimi ndiye niliyezunguka mtaa mzima nikiliulizia." Alimrudishia karatasi. "Nani mwingine ameiona?"

"Hakuna."

"Basi itie jikoni."

"Na yule mzee?"

"Mzee ana pensheni. Wewe una nini? Uzi na kidole kilichotoboka." Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu kama angepandisha. "Sindano, mke wangu. Kila siku kosa ni letu. Gari likikwama, letu. Spea ikiwa mbovu, letu. Mara moja tu, acha liwe la wenye ofisi."

Sindano alikwenda jikoni. Mkaa ulikuwa bado una moto, na kwa kuukaribia tu ncha ya karatasi ilianza kujikunja. Akaiona midomo ya mzee ikitamka namba, moja, mbili, tatu, taratibu mno. Ilikuwa imempita siku ile, lakini sasa aliielewa. Mtu aliyehesabu karatasi miaka yote hiyo hakuwa na haja ya kwenda taratibu vile. Alikuwa amemwona kuwa ni mzito, akamsubiri, na hakuonyesha kwamba anamsubiri.

Sindano alivitia vipande kifuani na kutoka kwa mlango wa nyuma.

 

Chumba cha chama uwanjani kilikuwa na meza mbili. Kwenye moja mkaguzi alikuwa anajaza fomu. Kwenye nyingine mzee alikuwa anapanga vitu ndani ya boksi, kikombe, sweta, kalenda ya ukutani aliyoikunja vizuri ingawa mwaka haujaisha.

"Shikamoo," Sindano alisema, na sauti ikaishia hapo. Kwa hiyo akaviweka vipande mezani kimoja kimoja.

Mzee alichukua karatasi nzima kutoka kwenye kabati, akailaza chini ya vile vipande. Mistari ilifuatana. Katikati palibaki wazi tundu la mkono wa gia.

"Tulihesabu pamoja," Sindano alisema. "Kumi na mbili. Asubuhi nilikuwa nakumbuka."

Mkaguzi aliweka kalamu chini. "Kwa nini hukuja kuuliza jedwali ni nini?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

"Ya kuuliza neno moja."

"Kwa hiyo asubuhi ukaona heri useme hukumbuki." Alikigeuza kipande kimoja mezani. "Mumeo anajua umekuja?"

"Hajui."

"Anajua kuhusu karatasi?"

Hapo alikawia. Aliona kwamba bado ulikuwapo mlango mdogo wa kumtoa mumewe, kwa uongo mwingine.

"Anajua," alisema.

Mkaguzi alivuta fomu nyingine. "Shokomzoba za asili mnazo?"

"Zipo, chini ya meza ya gereji."

"Ukaguzi nafunga saa kumi. Mkizirudisha, gari litaondoka. Lakini adhabu itakuwepo, na itaandikwa kama ilivyo. Sitaipunguza kwa sababu umelia."

"Sijalia," Sindano alisema. Na kweli alikuwa hajalia.

Mzee alikuwa anakirudisha kikombe mezani. Hakumtazama, wala sauti yake haikuwa na tabasamu. "Siku nyingine, mwanangu, ukatie gazeti."

 

Breki ndiye aliyepiga kelele. "Shemeji, umetuuza! Hata mimi nikikwaruza gari la watu nakaa kimya mpaka niulizwe. Na wewe hukuulizwa!"

"Niliulizwa," Sindano alisema. "Mbele yako."

Breki alitoka nje kwenda kuipiga tairi mateke.

Fundi alikuwa amekalia rimu na mikono imelala magotini. Hakumtukana wala hakumwangalia. Sindano alisimama pembeni akingoja chochote, hata kibao. Saa ya ukutani ilipogonga saa nane Fundi aliinuka, akapiga magoti, akaziburuta zile za zamani kutoka chini ya meza. Zilikuwa na vumbi na moja ilikuwa ikilia kama mlango.

Aliingia chini ya gari. Kwa muda palisikika nati tu.

"Spana ya kumi na saba," alisema.

Sindano aliichukua na kuiweka kwenye kiganja kilichokuwa kimenyooshwa.

"Hizi nyekundu," alisema baadaye kidogo, kwa woga, "Jumatatu tukamrudishie."

"Atakwambia Jedwali amehama," sauti ilijibu kutoka chini. Hakuwa anatania. Lakini alikuwa amesema.

Saa kumi kasorobo walikuwa wamerudi uwanjani, na kioo cha mpini mrefu kilipita chini ya gari, upande huu na upande ule, na mkaguzi akabandika karatasi ya kijani kwenye kioo cha mbele.

 

Jumapili asubuhi ubao wa matangazo ulikuwa umebandikwa orodha ya magari, na watu wamejaa mbele yake. Breki alikuwa ameshaketi kwenye usukani na helmeti kichwani, hataki kuongea na mtu. Fundi alisema twende tukaone, na Sindano akamfuata.

"Mpisheni Jedwali," mtu mmoja alisema, na wenzake wakapisha kwa heshima ya uongo, mmoja akiinama kabisa. "Shikamoo Jedwali. Duka umefunga leo?" Fundi alipita katikati yao kama mtu anayepita kwenye mvua.

Ilikuwa karatasi kubwa, na juu yake mistari ya kulala na ya kusimama. Sindano alilitambua jedwali mara moja, kama unavyomtambua mtu aliyekuibia.

Fundi alisimama mbele yake. Mikono yake alikuwa ameisugua tena kwa sabuni ya unga, haikuwa na grisi hata kwenye kucha. Akaitazama, akaishusha.

"Nisomee," alisema. Kisha, bila kunong'ona, na wale watu wakiwa nyuma yao wote wanasikia, "Mimi sijui kusoma."

Kicheko kilichokuwa kimeanza kiliishia njiani. Sindano alitafuta mstari wao. Ulikuwa wa mwisho kabisa. Aliweka kidole kwenye kisanduku cha kwanza na kwenda nacho kulia.

"Namba ya gari, thelathini na moja. Daraja, magari ya kawaida. Shokomzoba, za asili. Kuondoka, saa mbili na dakika hamsini. Adhabu, dakika tano."

Kwa dakika tano, hata Breki angeendesha kama anavyoendesha ndotoni, magari yale matano ya chama yalikuwa yamekwenda. Fundi alijua. Alipepesa macho mara moja.

Kilibaki kisanduku kimoja. Kichwa chake kilisema Sababu, na maneno yaliyomo yalikuwa mafupi, yameandikwa kwa mwandiko wa mzee, wazi kama vile ameyaandikia mtu anayesoma polepole. Sindano alikuwa ameshayasoma yote kimyakimya. Nyuma yake watu walikuwa wanangoja. Wengi wao walikuwa wameshayasoma. Mtu mmoja tu pale ndiye asiyejua kilichoandikwa, na angeamini chochote atakachoambiwa.

Alikisogeza kidole kwenye kisanduku hicho.

"Sababu," alisoma, na akaisikia sauti yake ikitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Fundi na mkewe walisema uongo."

Hakuna aliyecheka. Hilo lilikuwa baya kuliko kucheka.

"Umemaliza?" Fundi aliuliza.

"Nimemaliza."

"Hakuna neno uliloruka?"

"Hakuna."

Fundi alinyoosha mkono, akaweka kidole pale pale palipokuwa na kidole chake. "Ni hapa, sivyo?"

"Hapo."

Alikiacha kidole kwenye kile kisanduku, akikipitisha juu ya maneno kutoka kushoto kwenda kulia kama alivyomwona mkewe akifanya, mpaka Breki alipowasha injini.